Chini ya mabati, pale watoto wanapolala



Juma lililopita tuliahidi kuandika juu ya kuhifadhi maharagwe. Maharagwe yatangoja kidogo. Mvua za mwezi wa tisa zimeanza kugonga mabati yetu, na ndani ya siku chache wamama wanne wamekuja kutuona wote na ulizo moja: "Mulifanya namna gani kwa ile nyumba ya Cimpunda?" Basi leo tunaeleza yote, pamoja na makosa, kwa vile kazi ile tuliifanya mara mbili na mara ya kwanza tuliiharibu sisi wenyewe.

Nyumba yenyewe ni ya mabao, imesimama kwenye mteremko kama nyumba nyingi za Kadutu. Kwa sababu kiwanja hakikutosha, mwenye nyumba alipandisha chumba kingine juu, chini ya paa. Katikati ya chumba mtu mzima anasimama vizuri. Akienda pembeni anapashwa kuinama, maana paa linashuka pande mbili mpaka karibu na magoti. Watoto watano wanalala pale. Plafo haikuwapo. Ukilala chali unaona shevro, juu yake lati, na juu ya lati bati lenyewe na matundu ya misumari.

Mama wa watoto hao ni mwenzetu wa kundi la akiba. Ametupa ruhusa ya kusimulia, ila jina lake ametuomba tuliache.

Mwaka juzi, mwezi wa saba, usiku mmoja baridi ilizidi. Wasiokaa Bukavu hufikiri Kongo yote ni joto. Ziwa letu peke yake liko kwenye urefu wa karibu metre 1,460, na vilima vyetu viko juu zaidi. Wakati wa kiangazi mbingu zikiwa wazi, bati linakuwa baridi kama jiwe la mtoni. Mama yule alifanya jambo ambalo wengi wetu tumelifanya. Alipandisha mbabula juu, makala yakiwa mekundu bila moshi, akafunga dirisha kusudi joto lisitoke. Saa kumi ya usiku mtoto mdogo alitapika. Mama alipopanda, mkubwa alilalamika kichwa kinapasuka, na wa tatu aliitwa, akatikiswa, hakuamka. Walishushwa mgongoni, mmoja mmoja, mpaka nje kwenye hewa. Mungu ni mwema, wote watano wako hai. Lakini yule wa tatu alikaa siku mbili kituo cha afya, na mama yake mpaka leo akisimulia anashika kifua.

Makala yakiungua ndani ya nyumba iliyofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Moshi usipoonekana, watu husema mbabula imekwisha kuiva, haina neno. Ndiyo hiyo hasa inaua. Kwa hiyo kazi yetu ya paa haikuanza kwa kutaka nyumba ipendeze. Tulitaka watoto wapate joto bila moto chumbani.

Tulikutana, tukachanga, tukaenda sokoni na haraka zetu. Hapa ndipo tulipokosea.

Tulinunua vipande vya musi, ile sponji ya magodoro ya zamani, kwa vile ni nyepesi na bei yake ni ndogo. Tuliisukuma katikati ya shevro mpaka ikagusa bati, tukaibana kabisa kusudi upepo usipate pa kupita. Chini yake tukapigilia kitambaa cha maua. Chumba kilipendeza! Usiku wa kwanza watoto walisema hawakusikia baridi. Tulipigana picha.

Mwezi wa kumi mama alituita. Kitambaa kilikuwa na madoa meusi, chumba kinanuka kama nguo zilizosahauliwa ndani ya beseni, na watoto wawili walikuwa wakikohoa kila usiku. Tulifikiri bati linavuja. Fundi wa mbao alipanda juu mara mbili, hakuona tundu. Ndipo bibi mmoja wa kundi letu, ambaye hakusoma shule nyingi lakini amepika miaka 50, akasema: "Wamama, mumefunika sufuria. Mulitaka kifuniko kikae kikavu?"

Alisema kweli. Mtu akilala anatoa maji kwa pumzi na kwa ngozi. Watoto watano kwa usiku mzima wanaweza kutoa karibu litre moja. Mvuke huo unapanda, unapita ndani ya sponji, unakutana na bati baridi, unageuka maji. Zamani, kabla hatujafunika, maji yale yalidondoka asubuhi na kukauka mchana. Sasa sponji iliyanywa yote na haikuwa na njia ya kukauka, kwa maana tuliibana kwenye bati. Tulipoitoa tuliikamua kwa mikono. Lati mbili zilikuwa zimeanza kuoza.

Tena kuna jambo lililotutia haya zaidi. Fundi alikata kipande kidogo cha musi, akakiwasha kiberiti nje kwenye uwanja. Kiliwaka mara moja, kikadondosha matone ya moto, na moshi wake ulikuwa mweusi na wa kukaba roho. Sote tunajua nyumba za mabao zinavyoungua hapa mjini, moja inashika ya pili, na vichochoro ni vyembamba. Tulikuwa tumeweka kitu hicho juu ya vichwa vya watoto, kwa furaha, na picha tukapiga. Wenye musi kwenye paa tafadhali waitoe, hata kama ni kavu.

Tulingoja kiangazi cha mwaka jana ndipo tukaanza upya. Safari hii tulianza na kanuni moja ambayo tunaomba kila mama aikamate hata akisahau mengine: kati ya bati na kile unachoweka chini yake, pashwe kubaki nafasi ya hewa, na hewa ile ipate pa kuingilia chini na pa kutokea juu. Mchana bati linapochoma, hewa ya moto inapanda na kutoka, haishuki kwa watoto. Usiku, unyevu kidogo uliofika kule juu unakauka wenyewe. Sisi tuliacha sentimetre 4.

Namna ya kuishika nafasi hiyo ni rahisi. Shevro zetu zina kina cha sentimetre 10. Fundi alipigilia vipande vyembamba vya mbao kwenye ubavu wa kila shevro, sentimetre 4 chini ya ukingo wake wa juu, kisha tukavuta kamba ya nailoni kutoka upande huu mpaka upande ule, kama kitanda cha kamba. Chochote unachosukuma kutoka chini kinagota kwenye kamba, hakiwezi kufika kwenye bati. Pale chini paa linapoishia, nje ya ukuta, tuliondoa ubao uliokuwa umeziba na kuweka wavu wa waya kuzuia panya na popo. Kwa juu, chini kidogo ya mgongo wa paa, fundi alikata tundu la ukubwa wa kiganja kwenye ukuta wa kila upande, nalo likapata wavu.

Kabla ya hayo yote tuliziba matundu ya misumari. Paa linalovuja usilifunike, utakuwa unaficha ugonjwa.

Sasa, tuweke nini badala ya musi? Kinachozuia baridi na joto ni hewa iliyotulia, iliyonaswa ndani ya vitu vidogo vidogo, ndiyo sababu blanketi la manyoya linashinda shuka. Madukani kuna vitu vya kununua, bei yake si ya kundi letu. Tuliwaza majani makavu, tukaogopa moto na wadudu. Mwenzetu mmoja ambaye kwao ni tambarare ya Ruzizi ndiye aliyesema: makapi ya mpunga. Kule kwenye mashine za kukoboa yanarundikwa kama vilima na watu wanayatupa. Kapi la mpunga ni gumu, haliozi upesi, halishiki moto kwa mwali kama musi. Likipata moto linafuka polepole. Tulilipa usafiri tu, na kuomboleza njia ya Ngomo.

Makapi hayaendi moja kwa moja kwenye paa. Tuliyapepeta kwa ungo mpaka chenga na punje zote zikatoka, maana panya hali kapi, anafuata punje. Tukayaanika siku mbili za jua kali. Tukachanganya na majivu makavu ya jikoni yaliyochungwa, kama tunavyofanya kwa maharagwe, juu ya wadudu.

Kisha kosa dogo, la kuchekesha. Tulijaza gunia la kwanza, tukalisimamisha kati ya shevro mbili kwenye mteremko. Siku ya pili makapi yote yalikuwa yameteremka chini, gunia limefanya tumbo, na juu ni tupu. Fundi alikuna kichwa akasema tutafute kitu kingine. Sisi tulicheka. Nani kati yetu hajawahi kushona mto? Tulichukua magunia ya mchele ya kilo 50, yale yaliyosukwa kwa nyuzi za plastiki, yanayopitisha hewa. Unalaza gunia, unatia makapi ya kutosha sentimetre 20 za chini, unapiga mshono wa kulikata gunia kwa upana, unatia tena, unapiga mshono mwingine, mpaka mdomo. Linakuwa kama koti la baridi lenye mistari. Makapi hayana tena njia ya kuteremka. Sindano ni ile kubwa ya magunia, uzi ni nailoni ya wavuvi. Unene tuliuweka sentimetre 6, kusudi 6 na 4 zifanye 10 za shevro.

Chumba kina mteremko miwili, kila mmoja metre 4 kwa metre 2 na sentimetre 20, jumla karibu metre 18 za mraba. Tulishona magunia 34, wamama tisa, siku za mposho... tuseme Siku za Sita tatu za alasiri, na nyimbo. Kila gunia lina kilo 3 hivi. Mwenye chumba kingine apime mwenyewe: gunia moja lililoshonwa linafunika karibu nusu metre ya mraba. Bei hatuziandiki, zinageuka kila juma pamoja na dola.

Magunia yalipigiliwa kwa masikio tuliyoyashona pembeni, msumari mmoja kila sikio. Chini yake, upande wa chumbani, ndipo tulipoweka shitingi ya plastiki. Wengi wanauliza kwa nini upande huo na si upande wa bati. Kwa sababu pumzi ya watoto inatoka chumbani. Plastiki inaizuia ingali na joto, kabla haijafika kwenye baridi na kugeuka maji. Ukiiweka juu ya magunia, karibu na bati, umerudia sufuria ya bibi. Vipande vilipandana kwa sentimetre 15 na kufungwa kwa skochi, na pembeni vikakazwa kwa lati ndogo. Pale panapopita msumari au waya, tuliongeza skochi.

Baada ya plastiki ni tripleksi. Karatasi moja ya tripleksi ni metre 1.22 kwa 2.44, kwa hiyo sita zingefunika, lakini kuna kukata, tulinunua saba. Fundi alipiga kwanza lati za kulala kila sentimetre 40, maana tripleksi nyembamba ikikosa lati inafanya tumbo kwa msimu mmoja. Kwenye kilele hatukufuata pembe mpaka mwisho. Tuliweka ubao wa kulala, upana wa mkono mmoja, na juu yake hewa inapita kama ndani ya bomba kuelekea yale matundu mawili. Mwenye mfuko mdogo anaweza kuweka mabao membamba ya mikalitusi, mradi yamekauka, la sivyo yatapasuka na kuacha nyufa. Mikeka hatuipendekezi kwa chumba chenye umeme.

Juu ya umeme: nyaya za zamani zilikuwa zimepita kati ya shevro, zingine zimeunganishwa kwa plastiki ya mfuko. Hazikufunikwa. Tulimwita fundi wa umeme, akazishusha chini ya tripleksi, ndani ya bomba, mahali zinapoonekana, na ampuli ikaning'inizwa mbali na paa. Ndiyo kazi iliyotukera kulipa na ndiyo ambayo hatungeiacha. Magunia yale ni plastiki, yanaungua, tusidanganyane.

Na mbabula hairudi juu. Chumba kilichofunikwa vizuri kinashika sumu zaidi kuliko kile cha zamani kilichokuwa na nyufa. Tulimwekea mama yule dirisha lenye kipande cha wavu kisichofungika, saizi ya kitabu cha shule, na tukamwambia mbele ya watoto wote kusudi nao wawe mashahidi. Mkubwa alijibu, "Mama akileta mbabula, sisi tutalala kwa jirani."

Paa hilo limepita msimu mzima wa mvua. Mwezi wa nne fundi alifungua ubao mmoja wa juu na kutia mkono: makapi makavu, bati kavu, lati zilizobadilishwa ni nyeupe bado. Alikuta kiota kimoja cha nyigu, basi. Mchana chumba kina joto, hatusemi uongo, lakini mtoto anaweza kukaa na kusoma. Na kuna jambo ambalo hatukulitafuta: kelele. Zamani mvua ikinyesha, mama chini na watoto juu walisikiana kwa kupiga ukuta. Sasa mvua ni kama mtu anayepepeta mchele nyumba ya pili.

Tunabaki na uchungu mmoja. Miezi mitatu baada ya kazi, mwenye nyumba alipanda kutazama, akasifu sana, na mwisho wa mwezi akaongeza kodi. "Chumba sasa ni kizuri," alisema. Chumba kizuri kwa fedha zetu na vidole vyetu! Hatukuwa na karatasi yoyote. Tulikwenda mara tatu, wamama sita, tukakaa kwenye benchi lake bila kugombana, tukaeleza habari ya usiku ule wa mbabula. Alipunguza nusu ya aliyoongeza. Nusu nyingine mama analipa mpaka leo.

Kwa hiyo sasa kundi letu halipandi juu ya paa la mpangaji kabla ya karatasi. Tunaandika mistari michache: kazi gani itafanyika, nani analipa, kodi itabaki ile ile kwa muda gani, na mpangaji akihama ataondoka na vitu gani. Mwenye nyumba anatia sahihi, mpangaji anatia sahihi, na mkubwa wa avenyu anashuhudia. Hii ndiyo faida nyingine ya masikio ya magunia: unatoa msumari, unakunja, unakwenda navyo. Tripleksi ikiachwa haitauma sana.

Mama wa Panzi aliyeuliza kama anaweza kufanya nusu tu kwa sasa: ndiyo, anza na upande ulio juu ya vichwa vya watoto, umalize upande huo wote, plastiki na tripleksi pamoja na matundu ya hewa. Usifanye magunia paa zima ukangoja plastiki mwakani. Mama wa Nguba mwenye nyumba ya zamani ya matofali na vigae: kwako shevro ni nene zaidi, gunia linaweza kuwa na sentimetre 10, lakini zile 4 za hewa ni zile zile.

Siku ya Sita hii, saa nane ya mchana, tunashona magunia ya nyumba mbili kwenye uwanja wetu wa kawaida. Makapi yako, yameshapepetwa. Kila mama alete gunia tupu lisilopasuka na sindano yake, za kundi ni nne tu na moja imepinda. Wenye nyumba zinazongoja waje na vipimo vimeandikwa: urefu wa mteremko, upana wa chumba, kina cha shevro. Maharagwe ni juma lijalo.